"Yule wa Kwanza Mlimpa Jina?": Uchambuzi wa Kisa cha Sonona Katika Ujauzito na Miezi ya Mwanzo ya Ulezi

Kisa hiki cha sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa raha, ni cha mama aliyehudhuria kliniki ya mama na mtoto kwenye kituo cha afya pembezoni mwa mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Mimi ndiye muuguzi mkunga niliyemhudumia. Alipopata nafuu aliniruhusu kukiandika ili wenzangu wajifunze, kwa sharti kwamba asijulikane. Kwa hiyo nimeondoa jina, eneo na tarehe, na mambo machache ya nyumbani kwake nimeyabadilisha. Nitamwita Mama S.

Nakiandika kwa sababu moja. Tumezoea kusema kwamba akina mama wetu hawapendi kutoa yaliyo moyoni. Mama huyu aliyatoa. Kwa miezi mitano alisema kwa lugha aliyokuwa nayo, mbele ya watu wenye kazi ya kumsikiliza, mimi nikiwa wa kwanza wao, na hatukumsikia.

Historia

Alikuwa na miaka 24, ameolewa miaka minne, anaishi kwa mama mkwe. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu. Hupakia mzigo bandarini Dar es Salaam, akaupeleka Zambia au Congo, na safari moja humchukua wiki tatu mpaka tano. Mama S. alikuwa akikaanga maandazi ya kuuza asubuhi mpaka mimba ilipomlemea.

Hii ilikuwa mimba ya pili. Ya kwanza, miaka miwili nyuma, ilifika wiki 36, mtoto akaacha kucheza tumboni. Alijifungua hospitali mtoto wa kiume asiye na uhai. Aliambiwa asimtazame. Wanaume wa familia wakamchukua, wakamzika siku ile ile, mama akiwa bado kitandani wodini. Tanga halikukaliwa. Aliporudi nyumbani alikuta vinguo vya mtoto vimeshagawiwa, na wakubwa wakamwambia asilie sana, Mungu atampa mwingine. Tangu siku hiyo hakuna aliyemtaja mtoto yule mbele yake.

Kwenye kadi yake ya kliniki namba 4 habari yote hiyo ilikaa kwenye mstari mmoja: mimba 2, kuzaa 1, watoto hai 0. Mwenzangu aliizungushia sifuri hiyo wino mwekundu, kama inavyotakiwa, kuonyesha kwamba mama ana kidokezo cha hatari. Kila aliyeshika kadi ile aliliona duara jekundu, na kila mmoja wetu alifikiria shinikizo la damu, kisukari na uchungu wa mapema. Hatari nyingine hatukuifikiria.

Yaliyotokea wakati wa ujauzito

Alianza kliniki mimba ikiwa na wiki 22. Tulimkaripia kidogo kwa kuchelewa. Baadaye alinieleza kwamba hakutaka kuitangaza kabla haijakaa, kwa sababu ile ya kwanza aliitangaza mapema akaona aibu ya kurudi mikono mitupu.

Malalamiko yake hayakubadilika: moyo unakwenda mbio, usingizi hauji, mwili unawaka moto usiku. Tulimpima malaria, hana. Shinikizo la damu lilikuwa 110/70. Wingi wa damu 10.6, si mbaya. Tukampa vidonge vya kuongeza damu na paracetamol, tukamwambia apumzike.

Kisha akaanza kuja siku zisizo zake. Mara tatu alikuja bila miadi, akakaa benchi tangu saa moja asubuhi, na zamu yake ilipofika alisema ombi moja tu: "Sista, naomba unisikilizie kama yupo." Nikiweka fetoskopu tumboni, anashika pumzi. Nikimwambia mapigo yapo, 140, mazuri kabisa, analegea mwili mzima, anashukuru, anaondoka. Siku chache baadaye yuko tena benchini. Chumba cha wauguzi kilimpa jina, "mama wa mapigo", na mimi nililitumia. Nalitaja hapa kwa sababu jina la namna hiyo likishatoka, mtu anageuka kuwa usumbufu wa zamu, na malalamiko yake hayasikilizwi tena kama malalamiko.

Kwenye wiki ya 32 nilijaribu kumuuliza. Siku hiyo alisindikizwa na mama mkwe, mwanamke wa heshima zake, wamekaa bega kwa bega mbele ya meza yangu. Nikasema: "Mama, una mawazo?" Mama mkwe akajibu kabla yake. "Mawazo ya nini, mwanangu? Anakula, analala, mume anatuma hela ya matumizi kila wiki." Mama S. akatazama vidole vya miguu yake. Nikaandika kwenye faili: hana tatizo.

Kujifungua na siku arobaini

Alijifungua salama kwenye wiki ya 38. Mtoto wa kike, kilo 2.9, analia vizuri. Mkunga aliyempokea anakumbuka kwamba mama hakunyosha mikono kumpokea. Aliuliza tu, mara mbili, "Anapumua?" Waliruhusiwa baada ya saa 24.

Nyumbani alihudumiwa kama mzazi anavyostahili. Alikandwa maji ya moto asubuhi na jioni, akanywa uji wa pilipili manga, akapikiwa supu. Wageni walikuja na kanga na sabuni. Mtu wa nje angesema hakukosa kitu, na mama mkwe alifanya yote yale kwa mapenzi, sina shaka na hilo hata kidogo.

Siku ya saba alirudi kliniki. Nilikagua kitovu cha mtoto, matiti, damu inayotoka. Katikati ya ukaguzi machozi yakamtoka. Nikamwambia ni kawaida kwa mzazi, ni uchovu, itapita. Jibu hilo lina ukweli wake. Wazazi wengi hulia na kuhangaika kuanzia siku ya tatu au ya nne, na hali hiyo huondoka yenyewe ndani ya wiki mbili. Kosa langu ni kwamba nilimpa maelezo bila kumpa tarehe. Nilipaswa kusema: rudi siku ya kumi na nne nikuone, kwa sababu machozi yakivuka wiki mbili si ya uchovu tena.

Wiki ya sita

Siku ya chanjo ya wiki ya sita mtoto alikuwa na kilo 3.5, yaani ameongeza gramu 600 tu tangu kuzaliwa. Alama yake kwenye kadi ilikuwa imeanza kushuka kuliacha eneo la kijani. Kwenye benchi wanawake walishaanza kunong'ona kwamba mtoto amebemendwa. Msomaji asiyetoka kwetu ajue kwamba neno hilo ni shtaka. Linamaanisha kwamba mtoto anadhoofu kwa sababu wazazi hawakuuheshimu mwiko wa tendo la ndoa, na hukumu yake kwa kawaida humwangukia mama, hata kama mumewe yuko safarini. Hapo ndipo inapokuwa nzito zaidi.

Kilichonishtua nilikiona kwa macho. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwake, na kidole cha shahada cha mama kilikuwa chini ya pua ya mtoto. Hakukiondoa nilipomsalimia. Hakukiondoa alipokuwa akitafuta kadi kwenye mkoba kwa mkono mwingine. Nilipomwomba mtoto nimpime urefu, kidole kilimfuata mpaka mkono ulipoishia, kisha kikabaki hewani.

Nilimwomba mama mkwe atusaidie kwenda dirisha la dawa kuchukua vidonge, foleni ilikuwa ndefu. Nilifunga mlango. Nikavuta kiti kutoka nyuma ya meza nikakaa upande wake. Sikuwa na mpango maalumu. Macho yangu yaliangukia sifuri yenye duara jekundu, nikauliza: "Yule wa kwanza, mlimpa jina?"

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Mlango umefunga, sista?" Nikanyanyuka, nikauvuta kitasa mbele yake ili aone. Ndipo akalitaja jina. Alikuwa amempa mwenyewe, peke yake, na hakuwahi kumwambia mtu, hata mumewe.

Baada ya jina, mengine yalitoka bila kuulizwa. Halali usiku. Anakaa macho akihesabu pumzi za mtoto, na usingizi ukimpitia anaamka kwa kishindo, akiamini amemlalia. Picha ya mtoto akiwa ameacha kupumua humjia mchana kutwa, akiwa anafua, akiwa anakula. Anaogopa kumpenda. Alilisema hivyo hivyo: "Naogopa kumpenda, halafu iwe kama yule." Wakati wa kunyonyesha mwili wake unakuwa mgumu, anahofia ziwa litamziba mtoto pumzi, kwa hiyo humwachisha kabla hajashiba.

Maamuzi na sababu zake

*Kupima.* Nilitumia maswali kumi ya Edinburgh, yaliyotungwa mwaka 1987 kwa ajili ya wazazi wa aina hii hasa. Yanauliza kuhusu siku saba zilizopita, na jumla yake ni alama 30. Wengi huchukua alama 13 na kuendelea kuwa dalili ya kutosha ya sonona. Nilimsomea kwa mdomo, kwa sababu karatasi ya serikali mkononi humfanya mtu ajibu kama yuko mtihanini. Swali la kwanza huuliza kama mtu ameweza kucheka. Alijibu, "Nacheka wageni wakija." Ningeandika jibu hilo lilivyo, angepata alama nzuri. Nikauliza tena, "Na ukiwa peke yako?" Akatikisa kichwa. Jumla ilifika 19.

*Swali la kumi.* Hili linahusu mtu kufikiria kujidhuru, na ndilo wahudumu wengi hulipita haraka. Tunaogopa kwamba kuuliza kutampandikizia mtu wazo. Sivyo. Mwenye wazo hilo huwa nalo tayari, na kuulizwa humpunguzia upweke. Nilimuuliza kwa maneno ya kawaida: "Kuna wakati unaona heri ulale usiamke?" Akasema, "Heri." Nikauliza kama amefikiria kufanya lolote, kama ameandaa chochote, kama amewahi kujaribu. Hapana kwa yote. Kilichomzuia kusema mapema ni hofu kwamba polisi wangeitwa na mtoto angechukuliwa. Hofu hiyo haikutoka hewani. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo, cha 226, kinapingana na Katiba. Nilimweleza waziwazi kwamba kuwa na wazo si kosa, kumwambia muuguzi si kosa, na kwamba hakuna atakayemchukua mtoto wake.

*Kutofautisha.* Mama anayesema anaona picha za mtoto akifa huweza kumtisha mhudumu akadhani amerukwa na akili. Nilimuuliza kama anasikia sauti, kama anaamini mtoto si wake au ana jini, kama kuna anayemwamuru. Hakuna. Picha zile zilimtia hofu, na alifanya kila awezalo zisitokee. Hiyo ni alama ya wasiwasi mkubwa. Ugonjwa wa akili wa ghafla baada ya uzazi, ambapo mama huchanganyikiwa, huona au kusikia visivyokuwepo na kushikilia imani zisizo za kweli, huwapata kama mama mmoja au wawili katika kila wazazi 1,000. Huo ni dharura ya siku ile ile: mama haachwi peke yake na mtoto, anapelekwa hospitali mara moja. Mama S. hakuwa huko.

*Nani aambiwe.* Hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Ningefuata mazoea, ningemwita mama mkwe nikamweleza, kwa sababu ndiye mwenye nyumba. Badala yake nilimuuliza mwenyewe: usiku wa leo unataka nani ajue? Alimtaja somo yake, mwanamke aliyemfunda alipoolewa, anayeishi mitaa miwili kutoka kwao. Somo ana ruhusa ya kuingia chumbani kwa mwali wake bila kuulizwa, na mambo ya chumbani hayatoi nje. Nilimpigia simu, akafika ndani ya saa moja akiwa na kanga begani. Usiku ule alilala chumbani kwa Mama S., kwa kisingizio cha kumsaidia mtoto mwenye tumbo.

*Rufaa.* Nilitaka aende hospitali ya wilaya, kitengo cha afya ya akili. Alikataa kwa neno moja: "Mirembe." Kwetu jina la hospitali ile ya wagonjwa wa akili ya Dodoma limegeuka kuwa tusi. Kumwambia mtu atapelekwa Mirembe ni kumwambia hafai tena. Kwa kuwa hakuwa na mpango wa kujidhuru, na kwa kuwa somo alikuwepo, nilikubali njia ya kati. Muuguzi wa afya ya akili kutoka wilayani angekuja kwetu siku ya Alhamisi, wakutane kwenye chumba cha chanjo kama mama mwingine yeyote. Nilimpigia mama simu kila siku mpaka Alhamisi. Wiki iliyofuata alikwenda wilayani kwa hiari yake, kwa sababu alishamjua anayemwendea.

*Dawa.* Daktari alizungumza naye juu ya kile kilichokuwepo. Sertralini, ambayo huingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana, siku hiyo haikupatikana. Zilikuwepo amitriptilini na fluoksetini. Amitriptilini nayo huingia kidogo kwenye maziwa, lakini humpa mtu usingizi mzito, na ikimezwa nyingi kwa mkupuo ni hatari kwa maisha. Kwa mama anayelala kitanda kimoja na mtoto, ambaye hofu yake kubwa ni kumlalia, na ambaye ameona heri asiamke, daktari aliiacha. Alimwanzishia fluoksetini miligramu 20 kila asubuhi, akatuachia sisi kazi ya kufuatilia usingizi, kilio na uzito wa mtoto, kwa kuwa dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu na hupita kwenye maziwa zaidi ya nyingine. Alimwambia pia kwamba asitegemee mabadiliko kabla ya wiki mbili hadi nne. Maelezo hayo ni muhimu kuliko yanavyoonekana, maana wengi huacha dawa siku ya tano wakisema haifanyi kazi.

*Mume.* Mama S. aliomba nimpigie mimi, yeye akiwa pembeni. Alikuwa Tunduma, kwenye foleni ya mpaka. Nilipomaliza kueleza, simu ilikaa kimya mpaka nikadhani imekatika. Kisha akasema, "Sista, mimi nilidhani akinyamaza ndiyo amepona." Tena akasema yeye ndiye aliyembeba mtoto wa kwanza kwenda makaburini, na hajawahi kupita njia ile tena. Hata yeye hakuna aliyemuuliza.

Siri ilipovuja

Wiki ya nane tulimpoteza kwa siku nne. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kijana mwenye bidii, alipita mtaani kufuatilia akaingia uani na kuuliza kwa sauti yuko wapi "yule mama wa sonona". Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Jioni hiyo vidonge vilifichwa, na kesho yake Mama S. alipelekwa kusomewa na kunyweshwa kombe, maji yaliyooshea maandishi ya aya za Kurani.

Kosa lilikuwa letu. Tulimpa kijana yule jina na ugonjwa kwenye karatasi moja bila kumfundisha namna ya kubisha hodi.

Nilikwenda mwenyewe. Nilimwamkia mama mkwe shikamoo, nikaomba radhi kwa jinsi alivyozipata habari za nyumba yake kutoka kwa mgeni. Sikuanza na dawa. Nilimuuliza yeye amezaa watoto wangapi. Akasema wanane, walio hai sita. Wawili wale alinihadithia mmoja mmoja, na umri wao, na mvua iliyokuwa ikinyesha siku ya mmojawapo. "Sisi tulifunga kanga tumboni tukaenda shamba," alisema, "hakukuwa na wa kutuuliza." Hakusema kwa kujisifu.

Tulikubaliana mambo matatu. Kombe liendelee, na vidonge viendelee, kila kimoja kwa wakati wake. Kunyonyesha kubaki kwa mama. Na usiku, mtoto akishanyonya saa tatu, alale na bibi yake mpaka saa nane, ili mama apate saa tano za usingizi mfululizo. Hili la tatu liliingia kama tiba kamili. Mtu aliyenyimwa usingizi wiki nane hawezi kupona kwa maneno matupu.

Matokeo

Tulimsaidia pia namna ya kumweka mtoto ziwani akae sawa, pua ikiwa huru na kidevu kikigusa ziwa, mpaka mwenyewe akaona kwamba hazibwi pumzi. Uzito wa mtoto ulifika kilo 4.5 wiki ya 10 na kilo 5.4 wiki ya 14. Minong'ono ya kubemenda ikafa yenyewe. Alama za mama zilishuka mpaka 14 wiki ya 10, 8 wiki ya 14, na 6 mtoto alipofikisha miezi sita.

Mume aliporudi safari ya pili, alimpeleka makaburini. Walikwenda wawili na somo. Mama S. aliniambia alipaona padogo kuliko alivyokuwa akipawaza. Hakuongeza neno, nami sikumwongezea.

Si kila kitu kilikaa sawa. Mume akiwa safarini, baadhi ya usiku bado anaamka kugusa kifua cha mtoto. Na dawa aliziacha mwenyewe mtoto akiwa na miezi mitano, alipojisikia mzima, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mtu akae miezi 9 hadi 12 bila dalili kabla ya kufikiria kuacha. Alikuja kuniambia baada ya wiki tatu. Daktari alimwona, akaamua wamfuatilie kwa karibu bila kumrudishia. Mpaka chanjo ya surua na rubela ya miezi tisa hali haikurudi nyuma, lakini nisingependa mwenzangu achukue hilo kuwa kielelezo.

Uchambuzi

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, katika nchi zinazoendelea wajawazito 15.6 kati ya 100 hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na baada ya kujifungua hufika 19.8. Benchi letu siku ya kliniki huwa na akina mama 40 hivi. Kwa hesabu hiyo, sita au wanane wamekaa hapo na jambo ambalo daftari letu halina safu ya kuliandika. Shinikizo la damu lina safu. Virusi vya UKIMWI vina safu. Kisichokuwa na safu hakiulizwi, na kisichoulizwa tunasema hakipo.

Kosa la kwanza kwenye kisa hiki ni kupita juu ya msiba. Mama aliyepoteza mtoto halafu akashika mimba nyingine analea hofu tangu siku ya kwanza, na kwetu kifo cha mtoto tumboni hakina tanga, hakina arobaini, hakina hata jina. Anabaki na maziwa kifuani na amri ya kutolia. Tulikuwa na habari hiyo mkononi tangu wiki ya 22.

La pili ni lugha. Nilipouliza "una mawazo?" nilitumia neno ambalo kwetu lina maana ya shida ya pesa au ya mume. Neno "sonona" nalo ni zuri kwenye mabango, ila sijawahi kumsikia mama akilitumia kujieleza. Wanasema moyo unakwenda mbio, mwili unawaka, roho haina raha, sijisikii, nimechoka choka isiyoisha. Malalamiko ya mwili yanayorudi huku vipimo ni safi ndiyo ufunuo wenyewe. Tukingoja mama aseme neno la kitabu, tutangoja mpaka mtoto aanze shule.

La tatu ni kuuliza mbele ya mkwe. Swali lile la wiki ya 32 lilikuwa baya kuliko kutouliza, kwa sababu lilimfundisha kwamba nimeshauliza na jibu limeshatolewa.

Kilichofaa nakipanga hivi kwa uzito ninaouona mimi. Kwanza ni mlango uliofungwa, tena ukafungwa akiona. Kisha swali la mtu, lililotangulia maswali ya karatasi. Maswali kumi yalifanya kazi kwa sababu yalikuja baada ya jina. Halafu ni kumwachia achague nani ajue. Mama aliyeona mambo yote ya mwili wake yakiamuliwa na wengine, tangu mazishi ya mtoto wake, alipata jambo moja la kuamua. Nadhani uponyaji ulianzia hapo, kabla ya kidonge cha kwanza.

Kuhusu mama mkwe, ningemwingiza mapema zaidi, kwa ridhaa ya mama na kwa kumpa heshima yake. Nilimwona kama kizuizi. Kumbe alikuwa ndiye mtu pekee mwenye mikono ya kumshika mtoto saa sita usiku, na ndiye aliyejua kufiwa kulivyo. Kombe nalo, ningelipigia kelele, ningempoteza mgonjwa.

Wapo watakaosema kituo chenye wauguzi wawili hakina muda wa haya yote. Mazungumzo yale ya wiki ya sita yalichukua dakika 35. Zile ziara tatu za kusikiliza mapigo, vipimo vya malaria na dawa zisizohitajika zilichukua zaidi. Wala kazi hii haihitaji daktari bingwa kila hatua. Huko Rawalpindi, Pakistani, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wanawake wa kawaida wa huduma za afya vijijini, wakifundishwa namna ya kuzungumza na wajawazito wenye sonona kwenye ziara zao za nyumbani, walileta tofauti kubwa. Baada ya miezi sita, waliobaki na sonona katika kundi lao walikuwa asilimia 23, na katika kundi lililotembelewa na wasiofundishwa hivyo asilimia 53.

Tulichobadilisha

Msindikizaji wa kila mjamzito sasa anaombwa kwenda dirishani kuchukua dawa wakati mama akiwa ndani. Ni kwa wote, hakuna anayejihisi ametengwa. Mwenye sifuri nyekundu anaulizwa jina la mtoto wake, au kama angependa kumtaja. Kwenye kadi anayorudi nayo nyumbani tunaandika tarehe tu. Maelezo yanabaki kwenye faili la kituo, kwa sababu kadi ile husomwa na kila mwenye macho. Wahudumu wa jamii hupewa jina na sababu moja ya wazi: kupima uzito wa mtoto. Kijana yule aliyeropoka uani ndiye sasa anayewafundisha wenzake namna ya kubisha hodi, kwa ombi lake mwenyewe.

Na kwenye daftari, pembeni ya safu ya shinikizo la damu, tumechora safu nyingine kwa rula na kalamu ya bluu, ukurasa kwa ukurasa. Daftari jipya likija tutalazimika kuichora tena.